Kebo bila king'amuzi Ngamiani, Tanga: namba za chaneli zilivyonizungusha

Mwezi wa tatu sasa natazama kebo bila king'amuzi. Waya unatoka nguzoni, unaingilia dirishani, unachomekwa nyuma ya runinga, basi. Picha ni safi na rimoti ni moja. Kilichonitoa jasho ni namba.

Siku ya kwanza niliiacha runinga itafute chaneli yenyewe. Ikazileta nyingi, ila TBC1, ambayo mama kazoea kuibonyeza 4, ikakaa 37. Nikashinda jioni nzima nazipanga. Wiki mbili baadaye wenye kebo wakaongeza chaneli bila kumwambia mtu, runinga ikajisasisha usiku, kukicha kila kitu kimehama. Saa mbili usiku mama anasubiri taarifa ya habari, anakutana na mieleka. "Mwanangu, hiki kitu chako kina wazimu?"

Ndipo nikakaa chini na menyu. Mtu wa Ngamiani hili halimpi shida: ukiambiwa fulani anakaa Barabara ya Nane, umeujua mtaa, nyumba bado. Kwenye kebo ya kidijitali masafa ndiyo barabara. Barabara moja ina upana wa MHz 8 na ndani yake zimebanwa chaneli kadhaa. Enzi za analojia kila barabara ilikuwa na nyumba moja tu, kwa hiyo hapakuwa na cha kuchanganya. Namba inayotokea kwenye kioo ni kibao cha mlangoni. Kinaitwa LCN, na mwenye kebo ndiye anayekituma pamoja na mawimbi. Asipokituma, runinga nyingi huhesabu zenyewe, masafa ya chini kwanza. Ikiongezwa chaneli moja huku chini, zilizo juu zote zinasogea. Hicho ndicho kilichonikuta. Nilipompigia fundi kumuuliza kama wanatuma LCN, akanyamaza kwanza, halafu akaniuliza kama nimelipia mwezi huu.

Kwenye runinga yangu sehemu ya kebo, yaani DVB-C, ilikuwa imefichwa mpaka nilipobadili nchi kwenye mipangilio. Ukibaki kwenye "antena" unatafuta DVB-T2 ya hewani, utazunguka bure. Halafu nikajaza mwenyewe simboli reti 6875 (kasi ya kutuma data) na QAM 64 (namna data inavyobebwa kwenye mawimbi), nikatafuta, nikapanga, na mwisho nikazima ile sehemu ya kusasisha chaneli kiotomatiki. Hiyo ya mwisho ndiyo dawa. Tangu hapo TBC1 haijabanduka kwenye 4, ingawa chaneli mpya ikija siioni mpaka nitafute upya kwa mkono.

Chaneli zilizofungwa zinaleta jina na kioo cheusi, labda runinga iwe na tundu la kadi na wenye kebo wakupe kadi. Wetu hawatoi. Na kama una ndugu Marekani anataka kukutumia runinga, mwambie asijisumbue: kule namba zina nukta, mathalani 7.1, na kebo yao ni ya mfumo mwingine. Ya shemeji yangu haikukamata hata chaneli moja.

Runinga naipa nyota nne, wenye kebo mbili. Mama hana habari na nyota. Kabandika plasta mgongoni mwa rimoti, kaandika kwa kalamu: 4 HABARI, 9 MAWAIDHA, 12 USIGUSE.