Geji ya AEM X-Series: miezi tisa kwenye Forester ya tabo

Forester yangu ni SH5 ya 2009, ya tabo, lita 2.0, injini EJ205. Niliinunua ikiwa bado na boksi la filta ya hewa la kiwandani. Baadaye nikatamani sauti. Garaji moja hapa Nairobi ikanifungia bomba pana la kuvuta hewa pamoja na filta ya wazi, sensa ya hewa ikahamishiwa humo. Wiki ya pili taa ya injini ikawaka. Skana ikasoma P0171, yaani mafuta hayatoshi kwa hewa inayoingia. Fundi akachomoa waya wa betri, akangoja dakika kumi, akaurudisha, taa ikazima. "Imepona hiyo, mkubwa." Tulirudia hivyo mara tatu, na mara ya tatu nikaamua kutafuta macho yangu mwenyewe.

Ndipo nikanunua geji ya AEM X-Series, inayosoma kwenye moshi jinsi hewa na mafuta vilivyochanganyika. Kwao Marekani huuzwa karibu dola 200, bado usafirishaji na ushuru. Inakuja na uso wa milimita 52, nyaya, sensa ya Bosch LSU 4.9 na nati ya kuchomelea kwenye bomba la moshi. Niliichagua kwa sababu mbili. Haidai kusawazishwa kwenye hewa safi kama geji nyingine, na sensa ikifa unanunua sensa peke yake, Bosch 17025, geji inabaki.

Kufunga ni kazi ya siku moja, ila kuna jambo la kusimamia wewe mwenyewe. Fundi wa kuchomelea kule Kariobangi alitaka kutoboa bomba kwa chini, kwa kuwa ndiko mkono wake ulikofika kwa urahisi. Nikamkatalia. Asubuhi bomba la moshi hujaa matone ya maji, na sensa ikiwa imelala chini yale maji huitiririkia. Ikishapata moto kisha ikapigwa na tone la baridi, kauri iliyo ndani hupasuka. Sisi tuliiweka juu, imeinama kidogo, baada ya tabo. Umeme wake nao utoke mahali panapowaka ufunguo ukiwashwa, maana sensa hii ikikaa kwenye moshi wa injini bila umeme huharibika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku ya kwanza niliingia Thika Road, mwendo wa 80, geji ikasoma lambda 1.00, yaani mchanganyiko kamili, hewa 14.7 kwa mafuta 1 (chini ya 1.00 mafuta yamezidi, juu yake yamepungua). Nilifurahi kweli. Kisha mdogo wangu akafungua skana ya simu: trimu ya mafuta ya muda mrefu, +13.

Hapo ndipo nilipoelewa. Trimu ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko urudi panapotakiwa. Ya muda mfupi inarukaruka kila wakati. Ya muda mrefu ni kumbukumbu ya yale iliyojifunza. Kwa hiyo geji ilionyesha 1.00 safi kwa sababu kompyuta ilikuwa imebeba kosa la asilimia 13 mgongoni. Ukitazama geji pekee utaapa gari ni zima.

Kosa lilitoka kwenye lile bomba. Sensa ya hewa hupima kwa waya wa moto unaopozwa na hewa inayopita. Bomba likipanuka, hewa ileile hupita polepole, waya haupoi sana, na kompyuta inadhani hewa ni kidogo. Nilihofia huenda ni hewa inayovuja baada ya sensa, lakini uvujaji huo husumbua zaidi gari likinguruma bila kutembea, kisha hupungua ukiongeza mwendo. Yangu ilikuwa kinyume: +5 ikiwa imesimama, +13 barabarani.

Na ile dawa ya kuchomoa betri? Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta haifuati tena sensa ya oksijeni. Inatumia jedwali lake pamoja na ile kumbukumbu. Betri ikichomolewa, kumbukumbu inafutika. Siku moja, betri ikiwa imetoka kuchomolewa, tulipanda mlima kutoka Mai Mahiu, mdogo wangu akisoma namba kwa sauti: "Sufuri nukta nane sita." Nikaondoa mguu papo hapo. Chini ya msukumo wa tabo, injini hii nataka niione karibu na 0.76. Kwa lugha ya uwiano, nilikuwa kwenye 12.6 badala ya 11.2, mafuta pungufu ya karibu asilimia 12, karibu kabisa na ile 13 ya trimu. Gari lililopangiwa petroli ya Japani ya oktani karibu 100, likipanda mlima kwa petroli yetu huku mafuta yamepungua kiasi hicho, hugonga, yaani mchanganyiko hulipuka wenyewe ndani ya silinda, na pistoni haivumilii kugonga kwa muda mrefu.

Nilirudisha boksi la kiwandani. Baada ya siku mbili za kuendesha, trimu ikatulia +2, na mlima uleule ukanipa 0.77. Anayelipenda bomba pana na abaki nalo, lakini amlipe fundi mwenye laptopu apange upya jedwali la sensa ya hewa.

Geji ina mpaka wake. Inasoma wastani wa silinda nne, hivyo nozeli moja chafu inaweza kujificha ndani ya namba nzuri. Ukiweza kununua kimoja tu leo, anza na skana ya bei nafuu, trimu zitakuambia mengi. Geji ifuate, na kabla hujaipata usikanyage.

Mwezi uliopita nilishuka nayo Mombasa. Nairobi hewa ni nyepesi, kwa hiyo sensa ya hewa haifiki juu kabisa ya jedwali lake. Pwani inafika. Karibu na Mariakani, barabara ikiwa wazi, nilikanyaga mara moja. 0.77. Trimu, +1.