Skana ya negativu: uchague dpi 2400, 3600 au 6400?

Kabla ya kuuliza bei, funua kifuniko. Skana yenye kifuniko inayosoma negativu ina taa ndani ya kifuniko hicho. Isiyo nayo ni ya makaratasi, hata iwe na namba kubwa kiasi gani. Canon LiDE 400 ina dpi 4800, lakini negativu ukiiweka pale unapata kipande cheusi.

Dpi ni idadi ya nukta zinazosomwa katika inchi moja. Fremu ya filamu ya milimita 35 ni 24 kwa 36 tu, kwa hiyo dpi 300 inayotosha cheti cha kuzaliwa haifai hapa. Tatizo ni kwamba namba ya kwenye boksi inahesabu nukta, haisemi kama lenzi inaweza kuzitofautisha. Epson V600 imeandikwa 6400. Undani unaoupata hasa haufiki hata 2000.

Kwa hiyo, kuanzia chaguo bora hadi lisilofaa:

1. 3600, skana maalumu ya filamu kama Plustek OpticFilm 8200i. Inakupa megapikseli 17 hivi, unatoa picha ya A3 bila wasiwasi. Adha yake: unasogeza fremu moja moja kwa mkono, na filamu pana ya 120 haiingii.

2. 2400, V600. Megapikseli karibu 8, inatosha A4. Lakini kama sanduku la mzee limejaa negativu pana za 120 za studio, hii ndiyo ya kununua: fremu ya sentimita sita kwa sita inatoa megapikseli 28. Hifadhi kwa TIFF ya biti 48, faili la picha lisilopunguza ubora. Mkanda wa picha 36 za milimita 35 utakula kama GB 1.7.

3. 1200. Ya kurusha WhatsApp, basi.

4. 6400, V600. Fremu moja MB 330, mkanda mzima karibu GB 12, na hakuna unachoongeza. Hakikisha mwenyewe dukani: skani fremu moja kwa 2400 na kwa 6400, zikuze zilingane kwenye skrini, kisha tazama namba ya gari au nywele. Ukungu ni uleule.

Kwa Dodoma, vumbi litakuharibia kazi kuliko dpi. Kiangazi hewa ni kavu, filamu inapata umeme tuli na kuvuta chembe kama sumaku. Skani asubuhi kabla upepo haujachachamaa, funga madirisha, piga deki, futa meza kwa kitambaa kibichi. Shika filamu pembeni, ipulize kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha madoa. Plustek na V600 zote zina miale isiyoonekana ya infraredi ya kufuta vumbi, ila izime kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe: chembe za fedha huzuia miale hiyo, nayo programu inadhani picha yenyewe ni uchafu. Kwa hiyo picha za nyeusi na nyeupe za Chamwino za miaka ya 1970 utazisafisha kwa mkono.

Kwenye V600, usilaze filamu juu ya kioo. Itatoka na pete za rangi kama mafuta juu ya maji. Tumia kishikio chake cha plastiki. Ukiona mstari ulionyooka umekatiza fremu kadhaa, negativu haina kosa: kuna chembe kwenye kioo, pale kwenye uwazi mdogo ulio juu ya kishikio, ambapo skana hujipima mwanga. Futa hapo, skani upya.