Vijiti vya aiskrimu na gundi nyeupe kwa kazi ya shule ya kujenga daraja: nunueni, ila chagueni kimoja kimoja

Wazazi wenzangu wa Malindi, kama mwalimu ametaka daraja la vijiti msihangaike kupanda gari kwenda Mombasa, iko stashenari moja upande wa soko la zamani wanauza pakiti ya vijiti vya aiskrimu vipya na gundi ya mbao ile nyeupe, na bei yake haiumizi.

Vijiti ni laini, havimchomi mtoto vibanzi, urefu kama sentimita 11 na nusu. Lakini si vyote vimenyooka. Mwageni pakiti yote mezani, kila kimoja mkiangalie kwa jicho moja vile fundi anavyoangalia mbao, kilichopinda kiende sakafuni mwa daraja. Vilivyonyooka kabisa wekeni juu, maanake mzigo ukikaa darajani, kule juu ndio panabanwa, na kijiti chembamba kikibanwa hujipinda ubavuni kwanza ndio kikatike. Sisi juu tuligandisha viwili viwili.

Sasa gundi, hii ndio imenifurahisha haswa. Wengi hukimbilia ile ya bastola ya umeme kwa vile inashika papo hapo, mimi kwa kazi hii siitaki, ikipoa hubaki kama mpira na kwa joto letu hili hulegea viungo vikaanza kuteleza. Hii nyeupe huingia ndani ya mbao. Inataka subira tu, paka nyembamba, bana na kibanio cha nguo, acha siku nzima, na wakati wa kusi hewa ikiwa na unyevu ongeza muda.

Muundo tulifuata wa Warren, mhandisi wa Uingereza, wa 1848, pembetatu moja imesimama ya pili kichwa chini mpaka mwisho, mtoto anauweza kwa sababu vijiti vyote ni urefu mmoja. Mraba ukiusukuma unalala, pembetatu hailali mpaka kitu kikatike.

Tukatundika ndoo katikati tukawa tunamimina maji lita moja moja, kila lita kilo moja, ndoo ya lita 10 ikajaa na daraja halikulia hata kidogo. Tulipoweka ndoo kubwa kilichokatika ni kijiti cha juu, viungo vyote vilibaki vimeshikana vilevile, gundi hiyo naipa alama zote.

Muuzaji ni muungwana, anakubali ufungue pakiti uchague. Ijumaa nendeni asubuhi, mchana anafunga kwa swala na huchelewa kufungua.