Selo ndani ya ndege: kuikatia kiti au kuipeleka kwenye mizigo

Selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huishika katikati ya magoti, haiingii kwenye kabati za juu ya viti, hivyo anayesafiri nayo ama huikatia tiketi ya kiti chake au huikabidhi pamoja na mizigo. Kiti mara nyingi hugharimu karibu nauli ya abiria wa pili, na shirika la ndege hutaka kuarifiwa mapema. Hata hivyo ndiyo njia ninayoipendelea bila kusita, kwa kuwa chombo hakitoki machoni pa mwenyewe.

Kwenye mizigo gharama hupungua sana, lakini selo huweza kuangushwa inapopakiwa na kupakuliwa. Anayelazimika kufuata njia hii atumie sanduku gumu, aweke kitambaa laini pande zote mbili za daraja, yaani kile kibao kinachoinua nyuzi, na kuizunguka shingo, kisha alegeze nyuzi kidogo tu, kwa sababu kile kijiti kilichosimama ndani ya selo hakina gundi, bali hushikiliwa na mgandamizo, na nyuzi zikilegezwa zote kabisa chaweza kuanguka, na kukisimamisha tena ni kazi ya fundi.