Uzamili wa Tiba ya Familia au wa Ushauri Nasaha: Kuchagua Masomo Marekani

Anayetaka kuhudumia familia nchini Marekani hukabiliwa na njia mbili: uzamili wa tiba ya ndoa na familia, ambao ithibati yake mahususi hutolewa na tume ya COAMFTE, na uzamili wa ushauri nasaha wa afya ya akili, unaothibitishwa na baraza la CACREP.

Ushauri nasaha huanza na mtu mmoja. Mafunzo yake kazini (internship) ni ya saa 600, na zisizopungua 240 kati ya hizo ni za kukaa na wateja. Ajira zake ni pana.

Tiba ya familia huanza kwingine kabisa, kwa kuwa hushughulikia, kwa mfano, uhusiano uliomzunguka mtoto anayekataa shule, si mtoto peke yake. Katika baadhi ya vyuo, mwanafunzi huketi na familia nzima huku msimamizi akitazama kupitia kioo cha upande mmoja. Mama akizidi kumjibia mtoto, simu ya msimamizi hulia chumbani, na mwanafunzi huelekezwa amsogeze mtoto karibu na baba.

Tangu Januari 2024, Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, huwalipa wataalamu wa fani zote mbili.

Kwa atakayehudumia jamaa zetu walioko ughaibuni, ambao kwao neno la shangazi huweza kuwa zito kuliko la baba, ninapendelea tiba ya familia bila kusita, mradi kabla ya kulipa ada ahakikishe kwamba programu hiyo inakidhi masharti ya leseni ya jimbo atakalofanyia kazi.