Michoro ya paa la Westminster Hall: faili ni zuri, skeli imekosewa

Seti niliyonunua ya michoro ya Westminster Hall, ukumbi wa kale jijini London, ina karatasi tano kubwa za A1 pamoja na mafaili yaliyoskaniwa: ramani ya sakafu, mkato wa urefu (jengo likionyeshwa kana kwamba limepasuliwa), mkato wa upana, kenchi moja (fremu ya mbao inayobeba paa) kwa ukaribu, na viungo vya mbao.

Mkato wa upana peke yake unastahili hela. Paa hili la mwaloni, kazi ya seremala Hugh Herland kwa Mfalme Richard II wa Uingereza miaka ya 1390, linavuka karibu mita 20.7 bila nguzo hata moja katikati. Mchoro unaonyesha mzigo unavyoshuka: boriti fupi zinatokeza ukutani pande zote mbili, chini zimeshikiliwa na mikono iliyopinda, juu zimebeba nguzo fupi, na upinde mkubwa unapita ukizifunga zote. Kwenye faili la nukta 600 kwa inchi, hata vigingi vinavyokaza ulimi wa mbao moja ndani ya tundu la nyingine vinahesabika. Uzuri wake bado unanishika kila nikilifungua.

Shida ni skeli. Mchoraji alitumia robo inchi kwa futi moja, yaani 1:48, lakini muuzaji ameandika 1:50. Ukipima kwa rula ya 1:50, upana wa ukumbi unasomeka mita 21.6 hivi badala ya 20.7. Zaidi ya hapo, nakala ya karatasi ilipunguzwa ili ienee ndani ya pambizo: mstari wa skeli wa futi 40, ambao ulipaswa kuwa milimita 254, kwangu ni 246. Makosa haya mawili yanavutana pande tofauti, ndiyo maana mtu anaweza kupata jibu linalokaribia ukweli asishtuke.

Ramani ya sakafu imeharibika kabisa. Kuta za Wanormani (watawala wa Uingereza waliotoka Ufaransa) za 1097 hadi 1099 zilijazwa weusi mtupu, na kazi ya Richard II ikawekewa mistari ya mshazari. Aliyeskani alichagua nyeusi na nyeupe tu, bila vivuli vya kijivu, basi mistari ikagandamana na enzi mbili zikawa ukuta mmoja. Ramani ya namna hiyo haina faida kwa anayesoma historia ya jengo.

Tarehe za michoro nazo hazikuandikwa. Ili kukisia umri wa mchoro, tazama chuma: ukarabati wa 1914 hadi 1923, baada ya mbawakawa kula mbao, uliingiza vyuma ndani ya kenchi. Mkato usio na chuma unaonyesha paa kabla ya kazi hiyo.

Nyota tatu kati ya tano. Nunua mafaili, karatasi achana nazo. Mchapaji aambiwe achape kwa asilimia 100, kisha upime mstari wa skeli, na pia kipimo kimoja kilichoandikwa upande wa wima, maana karatasi hutanuka kwa unyevu, na haitanuki sawa pande zote. Ukiingiza faili kwenye programu ya kuchorea, lirekebishe kwa kutumia kipimo kirefu kuliko vyote kilichoandikwa na mchoraji mwenyewe.