Kinu cha upepo chenye kipenyo cha mita 2.4: uzoefu wangu kwenye uwanda wa Kisongo

Nimetumia vinu viwili vya kuchaji betri kwenye uwanda ulioko baada ya Kisongo, nje ya Arusha, barabara ya kwenda Monduli. Kimoja kina kipenyo cha mita 1.3 na kimeandikwa wati 600. Kingine kina mita 2.4 na kimeandikwa wati 500 tu. Hiki cha wati 500 ndicho kinachofanya kazi, na sababu haihitaji fundi kuieleza.

Wati za kwenye kibandiko hupimwa kwa upepo mkali, mara nyingi mita 12 kwa sekunde. Kwetu upepo wa mita 4 ukivuma mchana kutwa tunashukuru. Nguvu ya upepo hufuata kasi ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe, kwa hiyo kasi ikishuka hadi theluthi, nguvu inabaki moja ya ishirini na saba. Gawanya 600 kwa 27: wati 22, hata kama kibandiko kinasema kweli. Na hakisemi. Hapa kwetu, kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, takriban kilo 1.04 kwa mita ya ujazo badala ya 1.225 ya kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari. Mapanga ya kipenyo cha mita 1.3 hufagia eneo la mita za mraba 1.33, na upepo wa mita 4 unaopita hapo una wati 44 zote kwa jumla. Kinu kidogo kikijitahidi huchukua robo: wati 11. Taa mbili na simu, basi. Kile cha mita 2.4 hufagia mita za mraba 4.5 na kwa upepo huohuo hutoa kama wati 37.

Kwa hiyo dukani uliza kipenyo kwanza. Muuzaji asipokijua, pima panga moja kuanzia katikati ya kitovu na uzidishe kwa mbili.

Halafu zungusha kitovu kwa mkono, mapanga yakiwa hayajafungwa. Ukihisi kinagoma na kuruka, tak-tak-tak, ni sumaku zinang'ang'ania chuma cha jenereta. Kinu cha namna hiyo husimama upepo mdogo ukivuma, hata kama karatasi inasema kinaanza kwenye mita 2. Changu kikubwa huzunguka laini. Vile vya kusimama wima kama pipa lililopasuliwa vinapendeza kwenye paa la hoteli, lakini kwa umeme wa kutegemea sivipendekezi.

Nguzo ndiyo kazi yenyewe. Mapanga yanatakiwa kuwa juu ya kila kilichopo umbali wa mita 150, mti au paa, kwa angalau mita 9. Mimi natumia mabomba mawili ya GI (chuma kilichopakwa zinki) ya mita 6 yaliyounganishwa, na waya za kukaza pande nne kwa ngazi mbili, nanga zikiwa mita 6 kutoka kwenye nguzo. Nguzo hulazwa kwa bawaba chini. Hapa mafundi wengi huharibu: nanga mbili za pembeni lazima ziwe kwenye mstari mmoja na bawaba, na kimo kilekile. Moja ikikaa juu ya bawaba, au nyuma kidogo, upande wa pili wa kule nguzo inakolazwa, waya za upande huo hukaza wakati wa kulaza na bomba linapinda katikati.

Msichomeke kinu kwenye chaji kontrola ya sola, yaani kifaa kinachosimamia kuchaji betri. Betri ikijaa, ile hukata, na sola haidhuriki. Kinu kikikatwa mzigo hukimbia bila breki hadi mapanga yapasuke. Kinahitaji kontrola yake, inayopeleka umeme wa ziada kwenye hita. Kwa mfumo wa volti 24, hita ya omu 1.5 inayohimili wati 600 inatosha kwa changu. Weka pia swichi ya kuunganisha nyaya zote tatu za jenereta pamoja. Hiyo ndiyo breki. Iwashe upepo ukiwa umetulia, maana kwenye upepo mkali unaweza kuunguza koili.

Volti 12 achana nazo. Ukipeleka wati 240 za DC umbali wa mita 30 kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, kwa volti 24 unapoteza kama volti 2.6, kwa volti 12 unapoteza 5.2, karibu nusu.

Lawama zangu kwa kinu chenyewe: vumbi la Kisongo hula ukingo wa mapanga, hivyo ukingo hutakiwa kubandikwa utepe maalumu, na beringi zilizokuja nacho hazikuzibwa vizuri. Kelele ni ndogo.

Moshi mjini, au ndani ya kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) chenye migomba na miti ya migrevilea, nisingeshauri kinu chochote. Paneli moja ya wati 200 itakishinda. Kwenye uwanda wazi kinasaidia usiku, na siku za mawingu za Juni na Julai ambapo sola inalegea.

Walio karibu na uwanja wa ndege waulizie TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kibali cha urefu wa nguzo kabla ya kumwaga zege.